Taa za Dagaa kwenye Tuta la Gloria

Jumatatu, 1 Septemba

Siku ya ishirini na moja tangu Gloria aende kwa dada yake Bunda. Mke niliyeishi naye miaka kumi na tisa! Kisa: matembele. Nilifyeka tuta lake lote uani nikapanda nyasi, maana nilitaka tuwe na bustani ya kukaa jioni kama ya Jabiri jirani. Jabiri hukodisha muziki wa harusi. Kwake kuna vitaa vya njano, wimbo wa taratibu, na mke wake Tausi akicheka. Kwangu nyasi zimekauka na hakuna anayecheka.

Leo Gloria amepiga simu. Atakuja Jumamosi aone mwenyewe hali ya uani, ndipo aamue kama anarudi au harudi. Nimeruka hadi nikamwaga chai.

Nina mpango.

Jumatano, 3 Septemba

Asubuhi nimeshuka Mwigobero, ufukweni mwa ziwa. Shemeji Werema, kaka yake Gloria, ana mtumbwi wa dagaa. Wiki hii ni mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wamepumzika na taa zao zimelala tu kibandani. Nimemwomba nane. Akauliza za nini. Nikasema za mapenzi. Akanitazama sana, akasema taa hizi zinaitaga kila kitu chenye macho, nifikirie vizuri. Nikamjibu ndicho hasa ninachotaka.

Jabiri aliniona nikizishusha kwenye bajaji. Akaja uani kusema, kwa upole wake ule unaokera, kwamba mwanga mkali namna hii utaleta wadudu wa ziwani, na kwamba anavyo vitaa vya njano visivyoita wadudu, havina kazi, nichukue. Wivu mtupu! Nimekubali spika yake tu.

Ijumaa, 5 Septemba

Taa nne juu ya mpera, nne kwenye nguzo. Spika nimeificha ndani ya chungu kikubwa cha mama mkwe, ili muziki utoke kama ardhini. Unatoka kama mtu mwenye mafua. Si neno.

Nguzo ya mwisho ilitaka kona ile ambako shina moja la matembele limechipua upya. Nikasita. Nililitazama dakika nzima, nikamkumbuka Gloria akichuma pale asubuhi na kanga yake kiunoni. Kisha nikachimba pembeni kidogo.

Jumamosi, 6 Septemba

Naandika kwa jicho moja. La pili limevimba.

Gloria alifika jua linazama. Na begi kubwa! Mtu anayekuja kuchungulia tu habebi begi kubwa. Nikamketisha, nikamwambia afumbe macho, nikawasha zote. Uani kukawa mchana. Kwaya ya kanisa lake ikaanza kuimba chunguni. Akafumbua macho, akatabasamu. Naapa alitabasamu! Ubeti mmoja mzima.

Kisha wakaja. Wingu zima kutoka ziwani, vile vidudu vinavyopanda juu ya maji kama moshi. Kwenye taa, kwenye chai, kwenye nywele. Nikafungua kinywa kumwambia hakuna tatizo, nikameza kama kijiko kizima. Gloria akajifunika kitenge. Nikakimbilia kuzima, nikajikwaa kwenye chungu. Chungu cha mama yake! Vipande vitatu. Kwaya ikaendelea kuimba.

Tukabaki na mbalamwezi. Gloria akauliza polepole tuta lake liko wapi. Nikaonyesha nguzo. Akafungua begi. Nguo zilikuwa chache. Kilichojaza begi ni marando ya matembele kutoka Bunda, yamefungwa kwenye gunia bichi. Alikuja kupanda. Alikuja kukaa! Akasema, Baba Nyamburi, nilidhani umeniandalia tuta. Hakupaza sauti. Heri angepaza.

Alichomoa lile shina moja la kona, akaliweka pamoja na mengine, akaenda kulala kwa Werema.

Jumapili, 7 Septemba

Amerudi Bunda kwa basi la asubuhi. Werema amekuja kuchukua taa zake na kuleta ujumbe: Gloria atarudi siku tuta litakaporudi. Tuta tu, amesema, kingine chochote asikione.

Nimefagia wadudu waliokufa, ndoo mbili. Nimejaribu kugundisha chungu, kimekataa. Nimekosa, na najua nimekosa. Jana mwezi ulikuwa umejaa juu ya uani wangu na mke wangu alikuwa ameketi chini yake. Ningenyamaza tu nikae naye.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeng'oa nyasi zote. Nimepiga tuta refu, limenyooka, nikapanda marando aliyonipa Tausi. Mikono ina malengelenge. Nimempigia Gloria. Ameniuliza mara mbili kama ni tuta tupu, nikaapa mara mbili. Atakuja Jumapili. Kabla ya kukata simu alicheka kidogo! Sikulia, ila ilibaki kidogo.

Jioni nimekaa kulitazama. Zuri sana. Ila mbalamwezi inachelewa siku hizi na tuta limekaa kiza. Atalionaje akifika jioni? Nimevuka kwa Jabiri. Vitaa vyake vya njano haviiti wadudu, alisema mwenyewe. Nimechukua kamba mbili tu, za kuzungushia ukingoni.

Na spika. Ile ndogo.