Mlango wa Kwenye Hadithi Yenu Umemvimbisha Shemeji Yangu

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka karakana ya useremala. Huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili natengeneza milango, ndiyo maana naandika kwa uchungu kuhusu hadithi yenu ya kila wiki, ile ambayo rubani anaingia mlango uliosimama peke yake jangwani na kutokea sayari nyingine. Malalamiko yangu ni haya:

1. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni karani, na kazini huchelewa kila siku. Aliposoma sehemu ya saba alikuja mbio na gazeti kwapani, akaagiza mlango wa kutoka chumbani kwake hadi ofisini. Nikamwambia sina utaalamu huo. Akasema picha hii hapa, wewe fuata tu. Nikafuata. Jumatatu aliamka saa mbili kasoro dakika moja, akafunga tai, akashika kikombe cha chai, akaupita mlango kwa kasi. Nyuma ya mlango kulikuwa na ukuta, kama siku zote. Sasa ana nundu ya ukubwa wa limau, na anawaambia watu kuwa kazi yangu ni mbovu.

2. Mnasema mlango humsaga rubani punje punje, kisha humuunga upya upande wa pili. Mlango unajuaje rubani anaishia wapi na suruali yake inaanzia wapi? Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, amelifikiria jambo hili mpaka amekosea mikono ya blauzi mbili. Anasema vifungo humpotea kati ya meza na cherehani, sembuse kati ya nyota na nyota. Siku moja rubani atafika na zipu kidevuni, nanyi mtasema ni ajali.

3. Mama mkwe amesikia. Anaishi mwendo wa siku nzima kwa basi, na umbali huo umetunza heshima yetu sote. Sasa anataka mlango wa kutoka jikoni kwake mpaka jikoni kwetu, awe anaingia kuonja mchuzi tu na kurudi. Kuonja tu, Mhariri!

4. Rubani hafungi mlango akishapita. Sehemu ya tisa mnyama wa shingo tatu akamfuata ndani, mkashangaa. Mlitegemea nini?

5. Milango ya namna hii ikienea, hakutakuwa tena na mbali. Hakuna mgeni atakayesindikizwa, wala mtu hataweza kusema yuko njiani wakati bado anaoga. Binadamu hawezi kuishi hivyo.

Kwa unyenyekevu naomba toleo lijalo mlango huo uungue wote, fremu na kizingiti, na rubani arudi kwao kwa miguu. Ni kijana, atafika.

Nisalimie wapiga chapa, mchoraji wa picha (nimemsamehe), na wote wa nyumbani kwako.

Wako katika mbao,
Fundi Randa

Tanbihi: Nikiwa nafunga bahasha, binti yetu amepiga simu kutoka mji alikoajiriwa mwezi uliopita. Ana homa. Anasema si kitu, lakini amesema kwa sauti ile ya alipokuwa na miaka sita. Mama yake amekwisha kukoroga uji, na nimemwacha amesimama nao mkononi hajui aupeleke wapi. Barua hii nimeileta mwenyewe. Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi yako. Tafadhali nipe vipimo vya ule mlango. Mbao ninazo.