Friji Iliyokuwa ya Saba

Jumapili, 3 Mei

Siku njema sana. Nimesafisha friji bila kuambiwa! Nimefuta rafu, nimefuta friza, nimetupa nusu ya limau iliyokauka hadi haijulikani. Ndani, karibu na taa, kuna kitufe cha kuzungusha, cha baridi. Kina namba kuanzia moja hadi saba. Kilikuwa kwenye saba! Yaani miaka yote hii friji yetu imekuwa ya saba na hakuna aliyejali. Nikakizungusha hadi moja. Mimi mwenyewe nikishika nafasi ya saba darasani silali.

Jioni Bibi alipiga simu. Meno yake ya mwisho yameng'olewa, anakuja kwetu Jumamosi. Hataki chochote cha kutafuna. Anataka aiskrimu ya ndizi, na anaitaka kutoka mkononi mwangu. Nimeahidi.

Jumatatu, 4 Mei

Msiba. Maziwa yamechacha. Nyama ya friza imelegea, na maji yametiririka hadi kwenye viatu vya Kaka. Kaka anasema friji imezeeka, tuiache ipumzike. Mama akaniuliza kama niligusa kitu. Nikasema sikugusa, niliboresha tu.

Shangazi, dada yake Baba, alikuwa jikoni anakunywa chai yetu. Akasema kwa upole mwingi mno kwamba friji ikifa yeye hataidharau, ataifanya kabati la mashuka yake. Mama alikuwa bado na kitambaa cha kudekia mkononi. Akasema isipogandisha kitu hadi Jumamosi, wifi yake aje aichukue.

Mashuka! Mahali pa aiskrimu ya Bibi! Nimejiteua kuwa mchunguzi. Mwalimu wa sayansi husema tuchunguze kwanza, tulalamike baadaye.

Jumanne, 5 Mei

Nimeivuta friji kutoka ukutani. Nyuma kuna mabomba membamba, na vumbi juu yake kama blanketi. Friji imevaa blanketi, itapoaje? Nikapiga brashi hadi nikapiga chafya. Nimepata kijiko kilichopotea na soksi ya Kaka. Kaka akasema vizuri, sasa itakufa ikiwa safi.

Hadi jioni, siagi ilikuwa bado ya kunywa.

Jumatano, 6 Mei

Mpira wa mlango. Unabana karatasi mlangoni, unaivuta. Ikiponyoka, mpira umelegea. Yangu haikuponyoka. Ilichanika! Mpira ni mzima kabisa. Karatasi ilikuwa ramani ya Kaka ya kazi ya nyumbani, lakini upande wa bahari tu.

Halafu taa. Labda haizimiki mlango ukifungwa, inapasha chakula moto. Nitajuaje nikiwa nje? Nikatoa rafu mbili, nikaingiza kichwa, nikauvuta mlango. Kaka akanikuta hivyo. Akauliza kama nilikuwa nimeziweka akili humo na sasa zimeharibika pamoja na maziwa. Kuhusu taa sikupata jibu. Nimepata nundu.

Alhamisi, 7 Mei

Mwalimu ameniazima kipimajoto! Nimekiweka rafu ya katikati. Nafungua, nasoma, nafunga. Jambo la ajabu: kila nikifungua, joto limepanda kidogo. Nikaongeza bidii, nikawa nafungua mara nyingi zaidi.

Alasiri, hujuma! Shangazi alikuja na futi ya fundi cherehani kupima upana wa rafu. Nilikuwa mlangoni, hakuniona. Akatazama huku, akatazama kule, akaingiza mkono, akazungusha kitufe kutoka moja hadi saba. Hadi mwisho! Anataka ishindwe mapema aondoke nayo.

Alipotoka tu nikarukia mlango wa friji nikirudishe kitufe. Mama akanikuta nimeufungua, kitufe sijakigusa. Akasema hajapata kuona mlango unaofunguliwa hivyo hata dukani. Akaliingiza bakuli langu la aiskrimu, niliyoikoroga mchana huo, kwenye friza yeye mwenyewe, akaizungushia friji nzima kamba ya kuanikia nguo, akapiga mafundo. Hadi Jumamosi, hakuna kufungua. Nilitaka kueleza. Lakini mtoto mwenye adabu atamsemaje shangazi yake?

Ijumaa, 8 Mei

Nguo zimeanikwa kwenye viti. Friji inanguruma ndani ya kamba zake. Nimeiwekea sikio, nimeinong'oneza maneno ya kuitia moyo. Maskini, iko ya saba na haijui.

Shangazi ameshaleta mashuka. Ameyakunja, ameyaacha kwenye kona ya jikoni, eti yazoee.

Jumamosi, 9 Mei

Bibi amefika! Akakaa jikoni, kijiko mkononi, kabla hata ya kuvua viatu. Mama akafungua mafundo. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yake, ameshakumbatia mashuka.

Ukungu wa baridi ukatoka, ukatupiga usoni. Maziwa baridi! Siagi kama tofali! Aiskrimu ilikuwa imeganda hadi kijiko kikapinda. Bibi akaibusu kwanza, kisha akaulamba ule mlima, akafumba macho.

"Mjukuu wangu," akasema, "hii ningekuwa na meno, ingeyang'oa bure."

Tulicheka hadi Kaka akakaa chini. Mama akasema friji haiendi popote. Shangazi akayaweka mashuka kitini, akala mabakuli matatu. Halafu akaniinamia akaniuliza polepole, mwanangu, imewezaje? Nikamwambia ni kipimajoto, brashi na kutiwa moyo. Hilo la kitufe sikulitaja. Nimemsamehe. Hakujua kwamba friji iliyotunzwa hata uishushe hadi mwisho, itapambana.

Bibi atakaa wiki nzima. Ameagiza bakuli kubwa zaidi, la kesho, ameshawaalika majirani. Nimeahidi.

Na kabla ya kwenda kulala nimeirudishia friji haki yake. Nimekizungusha kitufe hadi moja. Ikiwa imefanya maajabu haya ikiwa ya saba, kesho hao majirani waje na makoti.