Shikamoo Iliyomkuta Bibi Scholastica Kapuni

Tegeni masikio, enyi watu wa Kilosa na Mikumi, mnaolima na mnaouza, niwatangazie habari za Bibi Scholastica binti Elia, Simba Jike wa Vidunda, aliyepanda puto la hewa ya moto kwa zawadi ya mjukuu wake Natalia, akatua kijijini Kisanga na heshima yake nzima!

Walipaa Mikumi alfajiri ndani ya kapu la puto, tembo wakiwa wadogo kama mbuzi chini yao. Ndipo upepo, adui asiye na uso, ukawasukuma hadi juu ya shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Rubani Beda akanguruma kama jemadari: "Tunatua! Chuchumaeni, shikeni kamba! Atakayesimama, kapu litamrusha nje kama pumba kwenye ungo!"

Bibi akachuchumaa. Magoti yaliyozoea kukwea milima na debe la maharage kichwani hayakutetemeka. Lakini ole! Wanakijiji walikuwa wamekwisha kukiona kilemba chake, nao wakaja mbio, wakarusha kwa sauti moja mkuki usiokingika: "Shikamoo, Bibi!"

Moyo wa shujaa ukapasuka. Maishani mwake hakuwahi kuacha shikamoo ianguke chini. Na kuitikia umejikunyata kama kuku anayeatamia, kwao Vidunda ni dharau. Akaanza kuinuka.

"Bibi, kaa chini!" Natalia akamng'ang'ania kanga. "Utavunjika shingo!"

"Niache! Watasema nimepanda juu nikasahau watu!"

"Afadhali wakuseme mzima, Bibi, kuliko wakusifu maiti!"

Ardhi ikapanda kwa kasi. Shujaa akapima shingo na heshima, na, enyi wasikilizaji, akakataa kupoteza hata kimoja. Akajikunja zaidi, akajaza pumzi, na kutoka kilindi cha kapu, asikoonekana na mtu, akanguruma: "Marahabaaa!"

Kijiji kikageuka, kikatimua mbio, maana hakuna aliyewahi kuitikiwa na kapu. Kapu nalo likagonga, likaruka, likaburutwa, likalala ubavu.

Bibi akatambaa nje, mabua kichwani kama taji, akajifunga kanga upya, akasimama wima. Kati ya wanakijiji wote, nyuma ya kichuguu alibaki Mama Costancia peke yake, akichungulia.

"Shi... shikamoo tena, Bibi?"

"Marahaba, mwanangu. Ile ya kwanza niliitikia nikiwa njiani."

Basi na ikumbukwe vizazi na vizazi: siku ile Kisanga haikuvunjika shingo hata moja, wala haikuanguka shikamoo.