Shemeji Kapewa Wakorofi Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Barua imefika. Wizara inaleta mtathmini, apime ni mafunzo yapi yanawabadilisha wasichana walioletwa hapa kwa makosa: somo langu la kutuliza hasira, au useremala wa shemeji. Yatakayoshindwa yafutwe. Mimi, miaka tisa kazini, vyeti vimejaa ukutani, nishindanishwe na mtu wa randa! Sijui dada alimpendea nini.

Jumanne, 4 Machi
Mtathmini ni mama mpole mwenye kalamu tatu. Kasema atahesabu ugomvi wa kila kundi kwa wiki mbili na nusu. Safi. Nimemhamishia shemeji wakorofi wangu wanne, akiwemo Kifaru, msichana aliyevunja maduka mawili na jino la askari. Nikamwambia ni zawadi. Akashukuru, bwege huyo.

Jumanne, 11 Machi
Karakana kimya. Nimepita dirishani mara tano. Kifaru anapiga msasa! Miezi minane nimemfundisha kuvuta pumzi, akanitupia kiatu. Nilimpa shemeji kaa la moto, yeye anaota! Darasani kwangu wawili wamezipiga, eti nilizungumza mno.

Jumatano, 19 Machi
Nimemnong'oneza Kifaru kwamba shemeji anamsema vibaya. Akaenda kumuuliza ana kwa ana. Wakaelewana. Hasara tupu.

Ijumaa, 21 Machi
Ripoti imesomwa ukumbini. Kundi langu ugomvi kumi na moja. La shemeji mmoja tu, tena wa kugombea gundi. Mtathmini akanisifu kwa kuwahamisha wale wanne. Bila wao, alisema, watu wangedhani shemeji alichagua watulivu. Nikasimama. Nikafoka. Nikakipiga kiti teke, mguu wake ukang'oka.

Kifaru akauokota. "Mwalimu, hiki kiti nilikitengeneza mimi," alisema taratibu. Ngumi aliikunja, kisha akaikunjua. Ukumbi mzima ulinitazama mimi, si yeye. Shemeji akamshika bega, wakatoka na kiti chao.

Jumatatu, 24 Machi
Somo limefutwa. Mkuu wa kituo kaagiza nifundishwe kutuliza hasira kabla sijapewa kazi nyingine. Nikamuuliza nani atanifundisha, maana mwalimu wa somo hilo ni mimi peke yangu. Akanisukumia fomu ya mafunzo. Fomu nimeshajaza: mwalimu, mimi, mwanafunzi, mimi, maendeleo, bora kabisa. Na shemeji athubutu kuja kunitathmini, atanitambua!