Prefect Akiugua Wanakuja

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimepewa cheo! Mpimaji wa pH, Klabu ya Sayansi. Madam Kalondu aliuliza nani atapima maji ya tangi kila lunch, wote wakaangalia viatu. Mimi huangalia viatu siku zote. Sijui kwa nini akaniona mimi.

Tangi lilitoka Mombasa, zawadi ya mwanafunzi wa zamani. Maji ya chumvi, mawe, pampu, na samaki mmoja wa milia. Tunamwita Prefect kwa sababu anazunguka kutwa akitafuta makosa. Mulinge, katibu wetu, alisema kwani chumvi ya bahari ya nini, si tulete maji ya kisima cha kwao Kyuso, hata chai yake ina chumvi. Madam akamwambia akanywe yeye.

pH 8.2. Inatakiwa ikae hapo hapo. Nikaandika ubaoni. Hakuna aliyekuja kusoma.

Jumatano, 5 Februari

8.2. Nimekula na samaki. Tangu tuhamie Mwingi kutoka Mutomo, niliyeongea naye zaidi ni pampu.

Hasina ni mwenyekiti. Walimchagua kwa sababu babu yake ni wa pwani. Yeye anasema bahari ameiona mara mbili, na mara zote mbili alitapika. Darasa lote likacheka. Mimi pia nikacheka, wengine wakiwa wamemaliza. Wakageuka kuniangalia. Ngai!

Alhamisi, 6 Februari

Mpira wa pampu ulichomoka usiku. pH 8.0! Hasina akaja mbio na watu wanne. Tulisimama bega kwa bega tukiangalia maji. Akaniuliza, Nzisa, atakufa? Kumbe anajua jina langu! Nikasema sijui. Walitikisa vichwa kama nimesema kitu kizito.

Siku nzuri kuliko zote tangu nije hapa.

Ijumaa, 7 Februari

Mpira umerudishwa. 8.2. Wote wamepotea. Maji mazuri hayana wageni.

Jumatatu, 10 Februari

Mpango! Kitabu cha kemia kinasema pumzi tunayotoa hushusha pH. Nilitoa wino kwenye kalamu, nikabaki na bomba tupu, nikalipuliza ndani ya maji mpaka nikaona nyota. 8.1. Prefect aliniangalia vile mwalimu wa zamu huangalia mtu aliyechelewa. Nikamwomba msamaha. Nikapuliza tena.

Jumanne, 11 Februari

Wamekuja klabu nzima! Tulifunga madirisha ya chumba cha tangi kwa sababu ya vumbi la malori ya Garissa, tukajibana huko ndani kama mbuzi siku ya soko. Hasina alileta mandazi. Nilisema sentensi nzima na mtu akaijibu.

Mwisho wa lunch, 7.9. Na leo sikupuliza hata kidogo, midomo imevimba. Sielewi. Sijali.

Jumatano, 12 Februari

Wamekuja tena, hata wasio wa klabu. 7.8. Prefect amejificha nyuma ya jiwe na chakula hataki. Nikaona basi, imetosha, nitasema kila kitu. Nikafungua mdomo. Hapo hapo Hasina akaniwekea mkono begani, akaniambia usilie mrembo, hili si kosa lako.

Nikafunga mdomo.

Alhamisi, 13 Februari

Mulinge! Ati amechunguza ubao. Tukijaa chumbani, pH inashuka. Chumba kikiwa kitupu, inapanda. Ni pumzi zetu, asema, zinajaa humo ndani na kuingia kwenye maji. Madam karibu amkumbatie. Hakuna aliyenishuku. Nimepuliza mpaka kizunguzungu, kumbe chumba kilichojaa watu kimenishinda bila hata kujaribu.

Amri mpya: madirisha wazi, na aingie mtu mmoja tu. Nani? Mulinge akasema Nzisa, huyo hata kupumua hapumui. Kicheko! Nilimtazama Hasina. Alicheka kidogo, kisha akaacha.

Madam alinivika ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu.

Jumatatu, 17 Februari

8.3. Prefect amenenepa, anazunguka akitafuta makosa. Asubuhi nilisifiwa mbele ya shule nzima, ati mtu wa kuaminika. Walinipigia makofi. Lunch nikafungua mlango, nikaingia, nikakaa.

Basi nikafikiri vizuri. Kosa langu lilikuwa kugusa maji. Maji hayana haja ya kuguswa, wala Prefect kuumia. Ubaoni naandika mimi. Nikiandika 7.7 ni nani atabisha?

Nilikuwa nimeshika chaki Hasina alipotokea dirishani na sahani ya muthokoi. Akasema wananiwekea nafasi kwenye kivuli cha bweni, kila siku wananiwekea, ni mimi sitokei. Akasema vile Mulinge alivyoongea ilikuwa mbaya na amemwambia. Akasema, toka bana Nzisa, muthokoi inapoa, huyo samaki ni mzima, hakuhitaji.

Nikamwambia asante, leo siwezi, niko na kazi. Aliacha sahani dirishani. Kisha akaenda.

Nikaandika 7.7, kubwa, isomeke kutoka nje. Sasa lazima aje.