Boti Isiyojua Mtu na Kiti Chake

Ndugu Meneja wa Duka la Boti,

Pokea salamu za mteja wako, seremala wa viti, niliyechukua boti ya mpira kwa siku kumi na nne za kuijaribu nyumbani. Sina nia ya kukuharibia siku. Nina malalamiko manne tu, ingawa la nne lina watoto.

Utakumbuka tulivyobishana dukani kwako. Mimi nilitaka ile ya tumbo gumu, yenye bodi chini na mabenchi mawili ya kueleweka. Mke wangu alitaka ya mpira mtupu, kwa kuwa inakunjwa na kuingia uvunguni, wala haihitaji tela, wala gari la kukokota tela, ambalo hatuna. Muuzaji wako alimwambia mke wangu kwamba ana akili. Mimi aliniambia nina macho mazuri. Tukaondoka na ya mpira.

1. Tuliijaza upepo sebuleni ili tufanye mazoezi kabla ya kwenda bwawani. Pampu ya mguu ilinitoa jasho saa nzima, na boti ilipojaa ikaziba mlango wa jikoni. Hilo nalisamehe, maana nilipima vibaya mwenyewe, seremala mzima.

2. Sakafu yake ni laini. Mzito akikaa inabonyea, na wengine wote wanamteremkia. Kwetu mzito ni mama mkwe. Miaka ishirini na miwili nimemwamkia mama huyu kwa adabu, nikiwa mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe. Jumatatu nilishtukia kichwa changu kiko begani pake. Alinisogezea mto tu. Sasa nitamtazama kwa macho gani?

3. Watu wamehamia humo. Shangazi yake mke wangu alikuja kutujulia hali mara moja, leo ni siku ya pili yumo anachambua mchele. Viti vyangu sita vimebaki ukutani kama wageni wasiokaribishwa. Mimi naishi kwa viti, Ndugu Meneja. Watu wakigundua kwamba sakafu inatosha, nitakula wapi?

4. Hili ndilo linaloniuma.

(a) Binti yangu mkubwa ameninunia miezi miwili, tangu nilipomkatalia kwenda chuo cha mbali. Ananiamkia, basi. Tulikuwa tumeshazoea: yeye kiti chake, mimi changu, meza katikati. Boti yako haiheshimu mipango ya watu. Juzi ilimteremsha mpaka ubavuni pangu, akalazimika kuniambia, "Baba, shika kamba, utaniangukia." Hajanipa maneno mengi hivyo tangu siku ile.

(b) Jana alikuja kukaa hapohapo kabla mama mkwe hajaingia, yaani bila kuteremshwa na mtu yeyote. Mtu amejinunia kwa haki yake, halafu mpira unamlainisha. Huo ni uchokozi.

Kwa hiyo naomba mje Jumamosi muichukue, mniletee ya tumbo gumu. Tela nitalitafuta. Aidha, nashauri muache kabisa kuuzia familia boti laini. Wauzieni watu wasiojuana. Mkikubali, niko tayari kuwachongea ubao wa kutenganisha abiria, mmoja mmoja, kwa vipimo sahihi safari hii.

Wasalimie wote hapo dukani, na muuzaji wako mwambie macho yangu bado mazuri. Mke wangu anakusalimu na anasema usinisikilize. Mama mkwe naye anakusalimu sana, ameipenda.

Ni mimi mteja wako, mvumilivu kwa kadiri nilivyoweza,

Seremala wa viti,
nyumba ya geti la kijani.

Nyongeza: Jumamosi msije. Nilikuwa natia sahihi humuhumu botini, binti akauliza kama akienda chuo tutaitoa upepo. Nikamjibu kwamba itamngoja hivihivi mpaka likizo. Nilipojisikia, nilikuwa nimeshasema. Samahani kwa mwandiko wa hapa chini, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameulalia.