Ombi la Kumtangaza Bi. Leota Pruitt Kuwa Marehemu

Glendale, California
9 Mei 1972

Ndugu Mhariri,
Jarida la Wakusanyaji wa Picha za Vichekesho Bubu,

Salamu kwako, na kwa yule mama anayekosea jina langu kwenye bahasha kila mwezi. Naandika kwa heshima zote, na kwa hasira kiasi alichoniruhusu daktari.

Machi nilileta kwenye ukurasa wako wa "Nani Huyu?" picha yangu bora ya filamu za kale zisizo na sauti: binti yuko juu ya ngazi, anammwagia polisi ndoo ya chokaa. Nyuma pana muhuri wa studio; jina hakuna. Miaka ishirini na miwili nimemtundika sebuleni nikimwita Malkia. Sasa malalamiko:

1. Msomaji wako amemtambua. Ni Bi. Leota Pruitt, ana miaka sabini na minne, yu hai, na anakaa mtaa wa pili. Sisi wakusanyaji tumezoea watu waliokwisha kutulia.

2. Amekuja. Akatazama ukutani: "Ala! Kumbe ni mimi! Sasa mwanangu, mbona umeniweka jirani na kichwa cha paa mwenye pembe?" Mke wangu, Verna, alicheka hadi akakaa chini.

3. Wageni wote nimewaeleza kuwa tabasamu lile ni la ushindi. Yeye anasema, "Ushindi wapi! Ngazi ilikuwa inateleza. Nilikuwa nasali, meno nje."

4. Hili ndilo linaloniua. Hana hata picha moja ya enzi zile. Zake ziliungua na nyumba. Alilisema taratibu, mkono juu ya fremu, wala hakuomba. Angeomba, ningekataa. Asiyeomba unamkataliaje?

Kwa hiyo utangaze kwamba msomaji alikosea, na kwamba binti yule alifariki zamani, kwa amani, bila kuacha anwani. Tena, ukurasa ule usimtambulishe mtu yeyote anayeweza kutembea hadi mlangoni kwangu.

Nisalimie wanachama wote, hata huyo mwenye macho makali.

Wako, mwenye ukuta mashakani,
Orville Tunstall

Tanbihi: Usichapishe hayo. Jana nimempelekea picha ile mimi mwenyewe. Alipangusa kioo kwa upindo wa gauni, kisha akaitundika mwenyewe. Ndani ya bahasha hii kuna picha tisa nyingine zisizo na majina, zote za ukutani kwangu. Tafadhali zitoe zote toleo lijalo, usingoje nafasi. Mabibi hawa, kama bado wako hai, hawana muda, na misumari sasa ninajua kuing'oa.